Fundi Rivasi, Aliyeona Haya Kuuliza

Kama msiba huu ungekuwa wa mtu mwingine, marehemu tunayemsindikiza leo angekuwa amekaa benchi la mwisho, karibu na njia ya kutokea, kofia mapajani. Hakupenda kutazamwa. Kwa hiyo mkewe, watoto na ndugu zake wanamwomba radhi kwanza, kabla ya kumtaja mbele ya watu wengi kiasi hiki.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa nne wa baba fundi viatu na mama mpishi wa shule ya bweni. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakulia alipozaliwa. Alifumbua jicho moja, akachungulia chumba kizima kuona nani yupo, ndipo akalia, tena kwa sauti ya chini.

Alianza shule mwaka 1959. Alikuwa na akili nzuri, hasa ya hesabu, ila alikuwa na haya zilizopita kiasi. Siku moja akiwa darasa la tatu kaptula yake ilipasuka nyuma wakati wa mapumziko. Walipoingia darasani mwalimu akamwita ubaoni kufanya hesabu ya mgawanyo. Jibu alilijua. Lakini kwenda ubaoni ni kuwapa wenzake mgongo, kwa hiyo akasema hajui. Alichapwa viboko kwa hesabu aliyoijua, na kengele ya kutoka ilipolia akaondoka ameegemea ukuta, hatua kwa hatua, mpaka getini. Alimaliza darasa la nane mwaka 1966, akaenda chuo cha ufundi, akasomea injini. Alizipenda kwa sababu moja aliyowahi kumwambia mkewe: injini haimkazii mtu macho.

Mwaka 1969 aliajiriwa katika gereji iliyokuwa nyuma ya ghala la saruji. Mle ndani vumbi la saruji lilikuwa likipita chini ya mlango na kukaa juu ya kila kitu chenye mafuta, na asubuhi mafundi walianza kazi kwa kukwangua. Hapo ndipo alipokutana na mchomeleaji ambaye alikuja kuwa rafiki yake wa maisha. Wawili hao waliweza kufanya kazi kutwa nzima bila kuambiana neno zaidi ya "shika hapa" na "tosha."

Mwaka 1978 marehemu alipata mchumba, binti aliyekuwa dereva wa greda katika idara ya barabara. Akaona si vizuri kwenda ukweni na wazee wake kwa gari la kuazima. Alikuwa na gari la porini alilolipata mnadani, mwili mzima, injini ya petroli imekufa. Akapata habari kwamba mwenye boti la kuvusha watu mtoni analivunja boti lake, na anauza injini mbili ndogo za dizeli. Alikwenda, akachagua iliyokuwa safi zaidi. Mwenye boti akamwambia, "Hiyo ni ya kushoto, lakini."

Marehemu akaitikia kwa kichwa. Alidhani ya kushoto maana yake ni ile iliyokaa upande wa kushoto wa boti. Kitu kilimwambia aulize, maana lile "lakini" halikumkaa sawa, ila palikuwa na watu wamesimama, naye ndiye fundi. Akaona haya. Akaipakia, akaondoka.

Kumbe boti lile lilitengenezwa kwa injini mbili zinazozunguka kinyume, moja huku na moja kule, ili lisipinde majini. Ya kulia ilizunguka kama injini za magari. Ya kushoto ilizunguka upande wa pili.

Kazi ya kuifunga ilichukua miezi. Alikata bamba la chuma la kuunganisha injini na giaboksi, rafiki yake akachomelea vishikio kwenye chesisi, rejeta ikasogezwa mbele, kila mpira na kila waya ukapata mahali pake. Hata waliokuja kumcheka baadaye hawakuicheka kazi ile. Ila ilikwisha asubuhi ile ile ya safari, Jumamosi tarehe 9 Septemba 1978, wazee wameshavaa wamekaa ndani ya gari: mjomba wake aliyekuwa msemaji wa familia, na shangazi yake. Akapiga stata. Injini ikaitikia papo hapo, ikanguruma vizuri, na mchomeleaji akatabasamu, jambo ambalo halikuwa la kila siku.

Marehemu akatia gia ya kwanza, akaachia klachi. Gari likarudi nyuma, likagonga pipa la oili chafu. Akadhani amekosea gia. Akatia ya pili, gari likarudi nyuma kwa kasi zaidi. Akajaribu rivasi, jasho limeshamtoka, na gari likaenda mbele, polepole, kama mgonjwa anayejifunza kutembea.

Pale pale angeweza kuzima na kusema, "Wazee wangu, nimeharibu, nipeni muda." Akaona haya.

"Injini mpya," alisema, "haitaki kukimbizwa."

Wakatoka getini kwa rivasi, na kwa rivasi wakaingia barabara kuu. Taa nyeupe ya nyuma ilikuwa inawaka njia nzima, kwa hiyo kila aliyekuwa nyuma yao alikaa mbali akingoja gari lirudi. Halikurudi, wala halikwenda kwa maana ya kwenda. Seremala mmoja akawapita kwa baiskeli, amefunga kabati nyuma.

"Mjomba," mjomba mtu akasema, "yule tuliyempita getini si ndiye huyu anayetupita?"

"Ana haraka, mjomba."

"Na kabati lake?"

Shangazi akatazama dirishani, akauma leso.

Mambo yaliharibika kabisa kwenye daraja jembamba, chini ya kilima cha ukweni. Lori la mchanga lilitokea mbele, likapiga honi, ikabidi warudi nyuma. Akatia gia ya kwanza. Gari, lililokuwa limetambaa muda wote ule, likafyatuka kinyumenyume kama limetekenywa, likatoka barabarani na kusimama mbele ya kibanda cha kinyozi. Kinyozi akatoka na wembe mkononi, na mteja wake akatoka na povu nusu ya uso. Kinyozi akatazama, akamwambia marehemu ajaribu gia moja moja, naye kwa kuchanganyikiwa akazijaribu mbele ya watu wote.

"Jamani," kinyozi akatangaza, "hili gari lina rivasi nne na gia moja ya kwenda mbele."

Watu wakavunjika mbavu. Jina la Fundi Rivasi lilizaliwa hapo, na wengi wenu hamkuwahi kumjua kwa lingine.

Marehemu akachukua galoni. "Rejeta inataka maji," alimwambia mjomba wake bila kumtazama. Akashuka, akaenda, hakurudi.

Wazee walikaa ndani ya gari, juani, watu wakiwachungulia. Seremala wa kabati ndiye aliyefika juu kwanza na kueleza alichokiona, na binti mwenyewe akashuka kilima kwa miguu, na gauni lake la siku hiyo.

"Shikamoo mjomba. Shikamoo shangazi. Dereva yuko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Amefuata maji."

Alitazama kule barabara ilikopotelea, akaelewa. "Gia gani ndiyo inayokwenda mbele?"

"Mimi si fundi," mjomba akasema, "lakini naona kila akivuta kule, na taa ya nyuma ikiwaka, ndipo tunaposogea."

Binti akapandisha gauni magotini, akakaa kwenye usukani, akawapandisha kilima kwa rivasi mpaka mlangoni kwao. Baba mkwe aliuliza mwoaji yuko wapi. Mjomba akasema amefuata maji ya rejeta. Baba mkwe akasema, "Hapa kwangu kuna bomba." Wakaingia, wakazungumza yaliyowapeleka.

Jioni binti alikwenda gereji. Aliona miguu miwili imetokeza chini ya lori.

"Toka huko."

"Nina kazi."

"Lori hili ni la nani?"

Marehemu akasema, "Sijui."

"Kwetu wamekubali. Umebaki wewe tu."

Miguu haikusogea. "Nimekuaibisha."

"Gari halijaniaibisha," binti akasema. "Kila siku naendesha madude yanayokataa. Umewaacha wazee wako barabarani, wanachekwa, wewe umekuja kujificha. Hilo ndilo nimelionea aibu."

Akatoka chini ya lori. Mkewe anasema hajawahi kuona uso wa mtu mzima umeshuka namna ile. Walikwenda pamoja kwa mjomba. Marehemu akapiga magoti mlangoni, akajaribu kueleza. Mzee alimwacha ahangaike kidogo, halafu akamwuliza, "Na maji, uliyapata?" Ndivyo alivyosamehewa, ingawa yeye mwenyewe hakujisamehe. Mpaka mjomba yule anafariki, marehemu alikuwa akikaa mbele yake kama mtu anayengoja kuitwa.

Wiki iliyofuata alirudi kwa mwenye boti, mchumba wake kando yake, akauliza swali ambalo alipaswa kuuliza mwanzo. Injini ya kulia ilikuwa haijauzwa. Wakabadilishana, na kwa kuwa zilikuwa pacha ilikaa palepale bila kukatwa chuma upya. Tarehe 6 Januari 1979 walifunga ndoa, wakajaliwa binti mmoja na wavulana wawili.

Gari lile lilikwenda mbele miaka mingi, likinywa mafuta kidogo kuliko pikipiki, kama alivyopenda kusema. Mwaka 1986 mwenye gereji alistaafu, marehemu akaishika yeye. Wakaguzi wa misitu, madaktari wa mifugo na wapima ardhi walimletea magari yao ya porini yaliyochoka, akayafunga injini ndogo za dizeli. Hakuna gari lililotoka kwake kabla hajaliendesha mwenyewe mbele na nyuma, uani, milango imefungwa.

Sasa tunafika mahali ambapo karatasi kama hizi huandika "baada ya kuugua kwa muda mfupi." Marehemu alikataza maneno hayo.

Mwaka 2022 alianza kupata shida ya kukojoa. Hakumwambia mtu. Alijenga choo kingine nyuma ya gereji, akasema ni cha wateja, akawa anakaa humo muda mrefu. Nyumbani alikuwa akiamka mara kwa mara, eti anasikia geti. Mkewe alimwuliza, akajibiwa ni baridi. Watoto waliona suruali aliyoifua mwenyewe imeanikwa mafichoni, wakatazamana, wakanyamaza. Familia inalisema hili kwa uchungu: haya hazikuwa zake peke yake. Walioona walikuwa wengi, na kila mmoja alimwachia mwenzake aulize.

Alikwenda hospitali mara mbili peke yake. Mara zote mbili alirudi akisema foleni ilikuwa ndefu. Baadaye alimwambia mkewe ukweli, kwamba foleni haikuwepo. Aliyekuwa zamu ni daktari wa kike, kijana aliyesoma darasa moja na binti yao na kula chakula mezani kwao. Marehemu alimwona kwa mlango uliokuwa wazi, akageuka.

Mwezi wa Juni mwaka huu miguu ilikufa ganzi, akabebwa. Daktari ni yule yule. Alimpima kwa heshima zote, akiita "baba," kisha akatoka na mama, mkewe marehemu, hadi ukumbini. Ilikuwa saratani ya tezi dume, na ilikuwa imeshafika uti wa mgongo. "Mama, angekuja ile mara ya kwanza," alisema, akashindwa kumaliza. Mama aliporudi chumbani, marehemu alikuwa amegeukia ukuta.

"Ameshakwambia."

"Ameniambia."

"Nilimwonea haya mtoto yule," akasema. "Angalia sasa, ameniona mzima mzima, na hakuna kilichonitoka ila maisha."

Katika siku za mwisho rafiki yake mchomeleaji alikuja kumtazama. Mfuko wa mkojo ulikuwa umening'inia pembeni ya kitanda, umefunikwa taulo. Chumbani walikuwapo mama, watoto wote watatu na mkwe wao. Marehemu akaliondoa taulo kwa mkono wake.

"Na wewe," akamwuliza rafiki yake, "unakojoa vizuri?"

Mchomeleaji akatazama sakafu. Watoto wakataka kutoka.

"Kaeni," marehemu akasema. "Namwuliza mbele yenu ili asipate pa kukimbilia. Unakojoa vizuri?"

"Si sana," mchomeleaji akasema.

Kesho yake kulipokucha mama mwenyewe alimpeleka kwa daktari yule yule. Yake, saratani ile ile, imewahiwa. Ameturuhusu tuyasome haya, naye ni mmoja wa watakaobeba jeneza. Marehemu alipopewa habari hiyo alifumba macho, akauliza kama foleni ilikuwa ndefu.

Alifariki Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa mikononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, binti mmoja, wavulana wawili, wakwe, wajukuu saba, mdogo wake wa mwisho, na rafiki mmoja ambaye familia imeamua kumhesabu hapa. Wanaume mliopo, alituagiza tuwaulize nyote lile swali, kwa sauti. Tumeshindwa. Tumeliandika tu, mkalijibu mkifika nyumbani.

Alale salama, na asione haya tena.