Ibouroi Mouigni, Aliyehesabu Ndege Baada ya Dhoruba

Assalaam alaykum. Wazee wetu, majirani, na nyinyi mliovuka bahari kutoka Moroni, mimi ni Rachadi, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, ingawa wote mnajua kwamba nikianza kuzungumza sina breki, basi nivumilieni.

Kaka yetu Ibouroi alizaliwa tarehe 3 Machi 1930 hapa Mutsamudu, katika mji wa kale chini ya ngome, mtoto wa kwanza wa mzee Mouigni na mama Anziza, akasoma chuoni Kurani, kisha shule ya msingi ya Kifaransa kuanzia 1938 hadi 1944, na tarehe 1 Juni 1949 akaajiriwa posta, akahamishiwa Moroni mwaka 1956, akakaa nyuma ya dirisha la stempu hadi alipostaafu mwishoni mwa 1987, bila kupoteza barua hata moja, au ndivyo alivyotuambia.

Tarehe 7 Agosti 1958 alimwoa Bi Zouhoura, na kama ilivyo ada yetu akahamia nyumbani kwa mkewe, mtaa wa Magoudjou huko Moroni, na sanduku la nguo na darubini, wakajaaliwa Naïma mwaka 1960 na Bahiat mwaka 1963. Kila dhoruba ilipopita, wenzake wakihangaika kutafuta mabati yao, yeye aliuliza kwanza kama upepo umetulia, kisha akateremka ufukweni kuona ni ndege gani wa bahari kuu wametupwa kwetu, akiandika daftarini tarehe, idadi na upande waliotokea.

Sasa nasoma jambo ambalo kabla ya Desemba iliyopita, mamluki walipoondoka, nisingethubutu kulitamka mbele za watu. Tarehe 11 Februari 1985, siku mbili baada ya dhoruba, askari wao waliingia dukani kwangu Moroni, wakauliza ni nani yule anayekaa kila alfajiri kwenye mawe na darubini, maana watu hawa walioiteka nchi kwa kuja na meli usiku walimwogopa yeyote anayetazama bahari, na mimi, jamani, nilitaja jina la kaka yangu kabla hawajamaliza swali. Walimchukua yeye na daftari, wakaona tarehe, hesabu na pande za dunia, wakaamini ni taarifa za meli, na kwa siku tisa hatukujua kama yu hai. Wallahi sikula nikashiba.

Aliyemtoa ni mkewe. Ndani kwake, chini ya tenga, kulikuwa na mmoja wa ndege wale wa dhoruba, mweusi, mdomo umepinda nchani, ambaye kaka alimwokota hoi na Bi Zouhoura akaendelea kumlisha dagaa huku akilia, na siku ya tisa alijitwika tenga lile hadi kambini, akamwomba mkubwa wao, Mzungu mmoja mwenye ndevu, asomewe ukurasa wa mwisho wa daftari, palipoandikwa kwamba ndege huyu akishikwa hutapika mafuta yenye uvundo, kisha akamsihi amshike ajionee mwenyewe. Mzungu akamshika. Ndege akafanya yake, kuanzia kola hadi mkanda, askari wakageukia ukutani kuficha vicheko, na alasiri hiyohiyo kaka akarudi Magoudjou kwa miguu, amekonda, hana daftari, anauliza kama ndege amekula.

Mwezi uliopita alikuja kusalimia ndugu hapa Mutsamudu akaugua kifua, akalazwa hospitali ya Hombo tarehe 2 Machi 1990, na jioni ya tarehe 15 nilimweleza yote. Akaniambia kwamba alijua tangu siku ile ya kwanza, kwa kuwa askari walimtajia duka langu, na kwamba kilichomuumiza ni kuniona miaka mitano naleta sukari hadi mlangoni kwake, nasimama, naaga, sikai hata kunywa chai, kisha akagonga ukingo wa kitanda, akaniambia niketi. Alifariki alfajiri ya Ijumaa, tarehe 16, usingizini, bila taabu, alhamdulillahi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Hombo, majirani wa hapa na wa Magoudjou mliobeba, mliopika na mliokesha, na wafanyakazi wenzake wa posta, ambao mmemletea Bi Zouhoura daftari jipya lisiloandikwa kitu, akalikumbatia.

Ni desturi msomaji awaombe nyinyi mumpe marehemu radhi, nami nawaomba, kama aliwahi kumkosea yeyote amsamehe. Ila kwa upande wangu mambo yalikuwa kinyume, mimi ndiye niliyehitaji radhi yake, na nilipewa, nikaketi kitandani kwake hadi chai ikapoa. Pumzika, kaka yangu. Upepo umetulia.