Mama Zamu, Aliyesimama Kati ya Shamba na Msitu

Marehemu shangazi yetu, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Zamu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 katika nyumba ya tatu kutoka mtoni, pale shamba la mwisho linapoishia na msitu kuanza. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wawili. Baba yake alilima mahindi, mama yake alifinyanga vyungu, na majirani zao wa karibu kuliko wote walikuwa nyani.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1966, akamaliza darasa la saba mwaka 1972. Tuseme ukweli: alisoma nusu ya miaka hiyo. Kila mahindi yalipobeba, watoto waliondolewa darasani wakapandishwa kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, tangu alfajiri mpaka jua linazama. Mwalimu wake wa hesabu, akipita na baiskeli, alikuwa akimuuliza kutoka barabarani: "Saba mara nane?" Naye akijibu huku anazungusha kombeo: "Hamsini na sita, mwalimu, na nyani wako kumi na mmoja." Alifaulu mtihani, lakini hakuendelea. Mwaka ule nyani walivuna kuliko familia. Jambo hilo lilimkaa moyoni maisha yake yote, ila hakuwalaumu nyani. Alisema nyani hajawahi kumtoa mtoto darasani. Wanaomtoa ni watu wazima.

Tarehe 14 Julai 1979 alifunga ndoa na fundi mwashi aliyekuja kujenga madarasa mawili ya shule. Mumewe, aliyefariki mwaka 2004, alipenda kusimulia kwamba siku ya kwanza alikwenda shambani kwao kuomba maji ya kunywa, akapewa kombeo. "Maji yapo mtungini," aliambiwa, "lakini kwanza nilindie upande ule, mimi nimechoka." Alilinda mpaka jioni, na kesho yake akarudi bila kiu. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 1991 marehemu aliajiriwa na ofisi ya msitu kuwapikia askari wa lango. Mwezi Julai 1994 ofisi ilimleta afisa mgeni na mashine ya sinema ili wanakijiji wafundishwe kuwapenda wanyama. Madirisha ya darasa la nne yalizibwa kwa magunia, watu wakaketi, na picha ya kwanza ikawa nyani jike akimnyonyesha mtoto. Asubuhi ile ile nyani walikuwa wamemaliza mashamba manne. Watu walianza kuguna, mzee mmoja akavua kiatu. Marehemu, aliyekuwa pale kugawa chai, aliweka birika chini akasema: "Bwana afisa, zima hiyo mashine. Nyani tunawajua, na wao wanatujua kwa majina. Waulize watu hawa leo watakula nini."

Kesho yake alimpandisha yule afisa kwenye dungu na kumpa kombeo. Afisa alikaa huko siku nzima. Hakumpata nyani hata mmoja, ila alitoboa ndoo ya jirani. Aliposhuka, aliandika barua ofisini kwake, na kuanzia tarehe 1 Februari 1995 mpishi wa lango akawa mhamasishaji wa kijiji, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2018, na aliyoendelea kuifanya baada ya hapo bila cheo.

Jambo lake la kwanza lilikuwa zamu. Kila nyumba ilitoa mtu mzima mmoja, siku moja katika kila siku kumi na mbili, kulinda mashamba yote ya mpakani. Wanaume walicheka. "Mimi nilinde mahindi ya jirani?" mmoja alimuuliza. Alimjibu: "Na majirani watalinda yako siku kumi na moja. Hesabu hiyo ni ngumu, au nikuitie mtoto wako wa darasa la pili?" Mwalimu mkuu ametupatia rekodi. Msimu wa mavuno wa 1994, watoto arobaini na sita walikosa masomo. Msimu wa 1998 walikosa watatu, na wawili kati yao walikuwa na surua.

Jambo la pili lilikuwa njia ya kuni. Aliiomba ofisi iwaruhusu wanawake kuingia msituni kila Jumatano kuokota kuni kavu kwa njia moja inayojulikana, na kijiji kwa upande wake kiwe macho dhidi ya mitego. Ofisi ilimzungusha miaka miwili. Alipochoka kuandika barua, alikwenda kukaa kwenye benchi la nje ya ofisi na kushona mkeka, siku tisa mfululizo. Mkeka ulipokaribia kwisha, karatasi ilisainiwa.

Sasa tunafika mahali ambapo familia ilijadiliana kama pasomwe au pasisomwe, na baba yangu akasema pasomwe.

Machi 2021 askari walikuta mitego ya waya kwenye njia ya kuni. Ofisi ikaifunga. Wanawake mia moja na arobaini wakaanza kutembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi kutafuta kuni ng'ambo ya mto. Marehemu aliomba aoneshwe mtego mmoja. Akaugeuza mkononi, akaona ni waya wa breki ya baiskeli. Fundi baiskeli kijijini ni mmoja: mdogo wake, baba yangu mzazi. Watu walishaanza kunong'ona kwamba nyani haoni kundule.

Alikwenda bandani kwake, akakaa juu ya sanduku la spana.

"Mdogo wangu, breki mbovu za watu unazipeleka wapi?"

"Dada, nyama ya porini haina mwenyewe."

"Nyama haina. Njia ya kuni ina wenyewe, na mmoja ni mkeo, ambaye jana amerudi miguu imevimba." Kisha akasema: "Mkutano ni Ijumaa. Utasema wewe au nitasema mimi. Na mimi nikisema, nitaanzia ulipokuwa mtoto."

Baba alisimama mwenyewe Ijumaa ile. Aliadhibiwa na sheria, kisha akawaongoza askari kutegua mitego yote thelathini na mmoja. Mimi, mtoto wake, sikumwamkia shangazi kwa miezi minne. Yeye aliendelea kuniita kutoka barabarani: "Msomi, nuna tu, lakini umekula?" Leo nasema mbele yenu kwamba alikuwa sahihi, na nilikuwa nalijua hilo tangu siku ya kwanza.

Tarehe 1 Oktoba 2021 njia ilifunguliwa tena kwa majaribio ya miaka mitatu. Muda huo unakwisha mwezi huu, na mkutano wa kuamua hatima ya njia ni Jumanne ijayo. Mkuu mpya wa msitu yuko nasi hapa, tunamshukuru kwa kuja. Barua yake inasema njia ifungwe kabisa kwa sababu wanakijiji hawaaminiki. Tunamwomba kwa heshima aangalie daftari la askari wake: tangu Oktoba ile mpaka juzi, hakuna mtego hata mmoja uliokutwa pale.

Februari mwaka huu marehemu alianza kuvimba miguu, akagundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alikuwa akisafishwa damu hospitali ya wilaya mara mbili kwa wiki, na orodha ya zamu aliipanga akiwa kitandani. Jumatano tuliyomtembelea mara ya mwisho, aliuliza: "Mkutano wa Jumanne, nani anaongea?"

Binti yake akamwambia, "Mama, pumzika kwanza."

"Nitapumzika sana. Nimeuliza nani anaongea."

Baba akasema, "Nitaongea mimi, dada. Watasema mwizi anatetea njia. Nitawaambia ndiyo, na kwamba mwizi huyu hakukamatwa na askari, alikamatwa na kijiji."

Marehemu akasema: "Vaa lile shati jeupe." Alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 12 Septemba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Ameacha watoto watatu, muuguzi, dereva wa lori na fundi mwashi; wajukuu saba; na mdogo wake mmoja, ambaye shati lake limeshapigwa pasi.

Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema, apumzike kwa amani aliyoihangaikia. Mkutano ni Jumanne tarehe 17, saa tatu asubuhi, darasa la nne. Wanafamilia tutakuwa tumeketi mstari wa mbele.