Saba na Tisini: Kumuaga Hiltrud Kemmler, Fundi wa Mashine ya Kuhesabu

Tarehe 30 Septemba Bi Hiltrud Kemmler anaweka chini bisibisi yake, baada ya kulitumikia jumba la makumbusho la mji wetu miaka thelathini na saba na miezi minne. Wengine wangesema thelathini na saba, basi. Sisi Waswabia wa kusini mwa Ujerumani hata miezi minne hatuitupi.

Ofisi ilitaka wasifu huu uandikwe na mwenye digrii. Nikawaambia mwenye digrii kaja juzi. Mimi, Eugen Rapp, nilishika funguo za jumba hili kabla Bi Kemmler hajafika, nikastaafu, nikakataa kuondoka. Shule niliiacha mapema na kalamu hunichosha kuliko koleo la theluji, lakini kwa kumjua fundi huyu hakuna wa kunishinda. Msichana wa ofisini nimemkataza kusahihisha hata nukta.

Alikuja akiwa fundi saa, mikono midogo, maneno machache. Siku ya kwanza alinikuta ngazini: ilikuwa wiki yangu ya zamu ya kufagia. Akasimama, akatazama, akasema, "Pembe umeiruka, Bwana Rapp." Nikajua huyu atadumu.

Kazi yake kubwa ni ile mashine ya mbao na shaba iliyo kwenye meza ya ukumbi wa mbele. Mwalimu wa hapa kwetu Tübingen, Schickard, aliibuni mwaka 1623, akamwandikia rafiki yake kwamba kapata chombo kinachojumlisha na kutoa chenyewe. Iliyokuwa ikitengenezwa iliungua moto, ikabaki michoro. Bi Kemmler akatwaa michoro akaunda nakala yetu, gurudumu baada ya gurudumu, miaka mitatu. Mbao za mpea nilimchagulia mimi. Hazijapinda mpaka leo, na sisemi zaidi.

Sasa, Wafaransa. Wao husema wa kwanza ni Pascal wao, mwaka 1642. Mji ndugu yetu huko Auvergne una nakala ya mashine hiyo, na fundi wao, Bwana Anselme Boudet, huja nayo kila Mei imeviringishwa blanketi kama mtoto mchanga.

"Yenu ilizaliwa karatasini," huanza kabla hajavua kofia.

"Na yenu ilichelewa miaka kumi na tisa," namjibu.

"Mtoto kachelewa lakini anatembea, Mzee Rapp! Wenu yuko wapi? Majivu!"

Bi Kemmler humwekea mkate wa chumvi mbele yake na kumwambia, "Kula kwanza, Bwana Boudet. Miaka mia nne imesubiri, itasubiri na siagi."

Miaka kumi na moja iliyopita undugu wa miji hii ulitimiza nusu karne. Mameya wawili wakachongesha kibao kimoja cha shaba chenye maneno mawili tu: YA KWANZA. Mashine zishindane mbele ya watu, itakayoshinda ikichukue. Meya wetu akaongeza lake: ukumbi unapangwa upya, nafasi ni finyu, na yetu ikishindwa itateremshwa stoo ya chini ikakae na mikokoteni mibovu. Bi Kemmler alikwenda kupaka mafuta magurudumu, na usiku ule hakula.

Hesabu zilikuwa kumi. Msomaji wa namba nilikuwa mimi, kwa sauti ambayo kanisani hufunika kinanda. Nilisoma kwa lugha yetu, maana Bwana Boudet aliapa anaijua. Lakini katika lugha yetu namba ndogo hutangulia. Hiyo 97 sisi tunaiita saba na tisini. Kwao tisini haina hata jina lake: husema ishirini nne, kumi na saba. Mtu wa hesabu za namna hiyo, mtupie saba na tisini uone.

Hesabu tisa zilikwenda sare. Ya kumi, yetu ikatoa 412, yao 394. Meya akagonga meza, jibu ni 412! Watu wakarusha kofia. Kibao kilikuwa tayari mikononi mwa Meya wetu Bi Kemmler alipoinua kidole.

"Subirini. Kumi na nane."

"Kumi na nane nini tena?" Meya akauliza.

"Tofauti. Inagawanyika kwa tisa. Maana yake tarakimu mbili zimebadilishana viti." Akamgeukia mgeni. "Bwana Boudet, saba na tisini uliiwekaje?"

Boudet akatazama karatasi yake. Masikio yakamwiva. "Sabini na tisa," akasema.

"Basi mashine yake haijakosea. Lililokosea ni sikio."

Nikamvuta mkono. "Nyamaza, Bi Kemmler! Kibao tumeshakipata!"

"Tumekuja kupima mashine, Bwana Rapp. Masikio wapime kwao."

Ikabidi hesabu moja ya kuamua: 99,999 ongeza moja. Kwao vipande vidogo vikadondoka kwa uzito wake, ta-ta-ta, ikasimama laki moja. Kwetu magurudumu yote yalitakiwa kusukumana kwa pamoja. La tatu likagoma, jino likalia kama mfupa. Boudet akaondoka na kibao.

Nikamgomba Bi Kemmler mbele ya miji miwili. "Umetuuza kwa Wafaransa kwa namba moja! Na hayo meno si ungeyachonga upya zamani?"

"Nikitia kisichokuwa mchoroni," akasema, "itakuwa mashine yangu, si ya Schickard."

Kesho yake Meya alikuja kuniomba ufunguo wa stoo. Nikamwambia umepotea.

"Umepotea? Wewe, Rapp?"

"Umepotea."

Umepotea miaka kumi na moja. Mashine ikabaki mezani, na watoto wa shule wakazidi kuizungusha huku Bi Kemmler akiwafundisha ile siri ya tisa. Bwana Boudet alirudi Mei iliyofuata bila majigambo. Nikamuuliza kibao kiko wapi. "Nyuma ya kabati," akasema. "Kila nikikitazama nasikia saba na tisini." Siku hizi huitamka vizuri kuliko vijana wetu.

Sasa ofisi imeandika kwamba fundi akiondoka, mashine iteremshwe tarehe mosi Oktoba, na safari hii watavunja kitasa. Wasijisumbue. Ufunguo uko mfukoni mwa koti langu, umekwisha kutoboa bitana mbili. Siku ya sherehe, baada ya dengu na tambi, nitamkabidhi mstaafu. Anayetaka kuiteremsha akamwombe yeye, nyumbani kwake, na ajifute viatu mlangoni. Wala asiseme hakuna wa kuizungusha. Hii mikono yangu amekwisha kuifundisha, na Jumanne nilipatia hesabu tatu kati ya nne.

Kwetu tunasema, asiyegombwa amesifiwa vya kutosha. Kwa miaka thelathini na saba Bi Kemmler aligombwa mara moja tu, na aliyemgomba ni mimi. Leo, kwa maandishi, naufuta ugomvi ule.

Asante, Bi Kemmler. Ukae kwa afya, kahawa yako isipoe, na saa za nyumbani kwako zikae bila kuhitaji fundi. Ukitoka siku ya mwisho, pita ngazi za mbele, utazame. Pembe nimezifagia zote.