Pampu Niliyoificha Chini ya Mkoba

Wenzangu wa kifua kinachobana, hamjambo? Wengi mnanijua kama yule mama wa Kigera anayetembea na makaratasi. Leo nimeyaacha nyumbani, niwaambie nilivyoanguka. Msinionee huruma mapema, subirini kwanza.

Nimezaliwa Kabasa, kule Bunda. Msimu wa pamba vumbi likitimka nilikuwaga nabanwa mpaka naishiwa nguvu. Mama akanifundisha kukoholea kwenye kanga, wageni wasisikie, maana binti mwenye pumu nani atamposa? Nikasoma, nikawa mtafiti wa pumu na mzio, lakini pampu yangu ya kuvuta dawa bado nilikuwa naificha chini kabisa, ndani ya mkoba. Kwenye mikutano ya wataalamu nilikuwaga naenda kuvutia chooni! Mnacheka? Chekeni tu, humu ndani najua siko peke yangu.

Kazini kwetu mtu anapimwa kwa makala alizochapisha. Mimi nilikuwa nimebakiza makala moja tu nipandishwe cheo. Basi nikapanda boti kwenda kisiwa cha Rukuba, kuwauliza akina mama wanaobanika samaki kama moshi unawaletea pumu. Mwenye banda la kubanikia, mama mmoja mkarimu aliyewaajiri, akanipokea vizuri. Kwetu mgeni haachwi peke yake, mnajua wenyewe, kwa hiyo akakaa pembeni yangu siku zote, ananipepea moshi huku mimi nauliza.

"Mama, una pumu?"

"Sina."

Mwingine naye: "Sina, tena hata mafua siyajui!"

Wote hawana. Nikaandika kwamba pumu kwa wabanika samaki ni ya nadra. Makala ikatoka, nikapongezwa, na keki tukakata.

Nikarudi kisiwani kuwaonyesha makala yenyewe. Wakati wa kuondoka mama mmoja mtu mzima, mbanikaji, akapanda boti pamoja nami kuja Musoma. Katikati ya ziwa kifua kikambana. Anatafuta pumzi haipati, macho yamemtoka. Ndugu zangu, niliogopa jamani! Nikamwaga mkoba wote, nikampa pampu yangu. Alipotulia nikamwambia, "Mama, si ulisema huna pumu?"

Akaniangalia. "Mwanangu, uliniuliza mbele ya mwenye banda. Anayekohoa anaachishwa kazi, wanunuzi wanadhani ana kifua kikuu. Ulitaka nikujibuje? Halafu na wewe pampu yako mbona uliificha? Ungeitoa ningejua naongea na mwenzangu."

Nawaambia, nilitamani ziwa linimeze. Mimi niliyelelewa kukoholea kwenye kanga, nilishindwaje kuona kanga ya mwenzangu?

Makala ilikuwa na jina langu, na kuna mtu angeisoma aseme wale mama hawahitaji dawa. Nikawaandikia barua mwenyewe waliochapisha, naomba ifutwe. Ikafutwa. Cheo kikaenda kwa mwingine. Wenzangu kazini wakaacha kunishirikisha. Nikajifungia ndani, hata kalamu nikaichukia, mume wangu anarudi anakuta uji wa asubuhi umepoa mezani.

Aliyeninyanyua ni yule yule mama wa kwenye boti. Alipiga simu. "Bado umenuna? Njoo utuulize tena, safari hii tukufundishe kuuliza."

Nikaenda. Nikaosha nao vyombo ziwani, mmoja mmoja, mwenye banda hayupo. Sikumuuliza mtu kama ana pumu. Niliweka pampu yangu juu ya jiwe, nikaanza kusimulia ya kwangu. Wee! Waliongea mpaka sufuria tukazisahau.

Makala mpya ilikataliwa, nikaandika upya, ikatoka. Cheo sijapata bado, siwadanganyi. Ila mwenye banda aliposomewa yaliyoandikwa, bila jina la mtu, akasema hata yeye anabanwaga. Banda lake sasa lina bomba la kutolea moshi, na anayekohoa anapelekwa zahanati, hafukuzwi.

Namshukuru mume wangu aliyenivumilia na uji wangu. Nawashukuru akina mama wa kisiwani, zaidi yule aliyenigombeza ndani ya boti. Nilichojifunza ndicho hiki: mtu akikwambia hana, angalia nani amekaa pembeni yake, halafu anza wewe kutoa ya kwako.

Haya, nimeongea sana, kifua kimeanza kubana. Hapana, kaeni, msihangaike. Leo siendi chooni. Navutia hapa hapa, mbele yenu.