Kipanya Kilicholala

Katika basi la kutoka mtaa wa Muaither, huku ughaibuni, nilikaa nyuma ya Arafa, msafisha vyumba wa hoteli, na Zuberi, mlinzi aliyemwekea Linux, ule mfumo wa bure, kwenye kompyuta yake kuukuu. Yote hayo niliyasikia humo humo; bibi kama mimi safarini ana kazi gani nyingine?

“Ule mtihani wa kompyuta wa kuhamia mapokezi umenishinda, kaka,” alisema Arafa. “Kipanya chako kisicho na waya mara kinaonekana, mara hakionekani. Nachomoa kile kidude chake cha kunasia mawimbi, nachomeka, mpaka muda ukaisha.”

“Si ulilalamika chaji haikai, dada’angu? Nikaiwekea kompyuta mpango wa kubana umeme. Kisichoguswa inakilaza.”

“Sikukigusa kwa kuwa nilikuwa nasoma swali!”

“Ungekitikisa huku unasoma.”

“Kiingereza nakisoma polepole, Zuberi. Unajua.”

“Basi usiilaumu kompyuta.”

Arafa akanyamaza. Zuberi akatoa simu akatazama mpira, kama amekaa peke yake.

Kitendawili: yupo, ila akitulia huhesabiwa hayupo. Nami nilidhani jibu ni kipanya.

Basi liliposimama Fereej Bin Mahmoud, Arafa alimwekea Zuberi kipanya chake mapajani, akashuka kwenda kutandika vitanda vya watu.