Tumbo la Shangazi

Benchi lililo mbele ya kibanda cha fundi cherehani lina miguu mitatu na tofali moja, na wanaolikalia kila alasiri wamekubaliana jambo moja tu tangu wafahamiane, kwamba kahawa ni tamu. Mengine yote hubishaniwa. Siku hiyo birika lilikuwa katikati yao, na kando ya birika, ndani ya tenga, alikuwamo kuku wa kahawia ambaye tumbo lake liliteremka mpaka likagusa chini. Aliitwa Shangazi, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuingia uani kwake asigombezwe. Mwenye kuku hasa alikuwa mke wa Fundi, na yeye alikuwa kwa binti yao aliyejifungua. Angerudi kesho yake. Fundi alikuwa na hofu, na haki yake, maana kwa siku kumi na tisa alikuwa akimwambia mkewe kwenye simu kwamba Shangazi hajambo na anataga kila siku.

Alikunjua tepu yake ya kupimia, akaizungusha kwenye tumbo la kuku, akaandika kwenye daftari alimoandika viuno vya wateja.

— Arobaini na moja. Jumatatu ilikuwa thelathini na nane.

— Haba na haba hujaza kibaba, — alisema Daktari. — Ananenepa huyo. Shukuru Mungu.

Huyu Daktari alilinda geti la hospitali miaka kumi na minane, na anadai humjua mgonjwa kwa namna anavyolipita geti.

— Ananenepaje na kifua kimebaki mfupa? — aliuliza Fundi. — Anatembea wima, miguu kaitanua kama kavaa suruali ya kubana. Hatua tatu tu, anahema mdomo wazi. Na hicho kishungi kilikuwa chekundu, sasa angalia, zambarau.

— Zambarau? Basi mimba.

— Kuku habebi mimba.

— Kuku wa kawaida habebi. Huyu ana mapacha.

Injinia, anayeziba pancha za baiskeli hapo jirani, aliguna. Kwake yeye kila kinachovimba kina hewa, na alishangaa watu wazima wahangaike na jambo jepesi hivyo.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lete beseni la maji tumzamishe. Mapovu yakitokea, hapo ndipo pancha.

— Kama anavuja, mbona kajaa? — aliuliza Wakili.

Injinia alikunywa funda moja, akafikiri, akasema hewa inaingia kwa nyuma upepo ukivuma na haipati pa kutokea, kwa sababu valvu imegoma.

Wakili hakusomea sheria. Husikiliza kesi mahakamani kwa kuwa kule kuna feni. Alisema jogoo wa jirani aitwe ajieleze, kisha akatoa hoja yake kubwa: yai la kwanza limekaa mkingamo na limekataa kutoka, na nyuma yake mengine yamepanga foleni, moja kila siku.

— Siku ngapi? — aliuliza Daktari.

— Kumi na tisa, — alijibu Fundi.

— Ndiyo hayo hayo unayomwambia shemeji.

Hapo Fundi alipata nafuu kidogo. Kwa hesabu hiyo hakuwa mwongo: mayai yalitagwa, ila hayajatoka. Tena jana yake, kwa ushauri wa Wakili, alikuwa amenunua mayai kumi na tisa dukani na kuyapanga kwenye kapu chini ya cherehani. Wakili alimwambia ushahidi wa macho haupingwi.

Daktari aliweka kikombe chini, akakunja mikono ya shati.

— Mlaze chali, miguu juu. Hospitali wajawazito wote walilazwa hivyo.

Fundi akanyoosha mikono kwenye tenga.

— Ukimlaza chali, lile tumbo litambana pumzi akufie mikononi.

Waligeuka. Mke wa Fundi alikuwa amesimama nyuma yao na begi begani, siku moja kabla ya siku yake. Alipokea salamu zao, akachutama mbele ya tenga.

— Tumbo ni gumu au laini?

Fundi alitazama tepu.

— Arobaini na moja.

— Sikuulizi kipimo, baba watoto. Gumu au laini?

Hawakujua. Birika la pili lilikuwa linaelekea mwisho na hakuna hata mmoja aliyemgusa kuku tumbo. Fundi, ambaye hakati kitambaa kabla ya kukisugua kati ya vidole viwili, kwa huyu aliishia kwenye tepu. Aliogopa. Akigusa atajua, na akijua itabidi aseme.

Mkewe aliushika mkono wake akaupitisha chini ya kuku. Manyoya yalikuwa yamekwisha pale, ngozi ina joto na imetanuka, na ndani kitu kilicheza kama maji kwenye mfuko wa plastiki.

— Lingekuwa gumu ningedhani yai limekwama, tumkalishe kwenye maji ya uvuguvugu. Haya ni maji. Bwana mifugo atayapunguza kwa sindano, polepole, apate kupumua.

— Atapona?

— Yatarudi. Tutayapunguza tena. Siku tukiona anateseka, tutamwomba ampumzishe.

Alilisema bila kulia. Aliyefuta jicho kwa ncha ya tepu ni Fundi.

— Mbona umerudi leo? — aliuliza.

— Shangazi ana miaka mitano. Kuku wa miaka mitano hatagi kila siku. Nikajua nyumbani kuna mgonjwa, ama kuku, ama wewe. Hayo mayai yako wapi?

Wakili alikohoa, akalivuta kapu na kulifunua kwa fahari. Mke wa Fundi aliokota yai moja, akaligeuzageuza kwenye mwanga.

— Shangazi hutaga ya kahawia tangu aanze kutaga. Haya meupe kataga nani?

Injinia alikumbuka baiskeli ya mtu. Daktari alikumbuka kwamba hajala. Wakili, ambaye hajawahi kukosa jibu, alitikisa birika, akatangaza kwamba kahawa imekwisha na kikao kimeahirishwa. Wakaondoka watatu kwa pamoja, na tofali likateleza chini ya benchi.

Fundi alibaki na mkewe, kuku na swali.

— Mimi, — alisema.

Mkewe alimtazama juu mpaka chini.

— Basi hongera kwa kujifungua. Wewe wa pili mwezi huu. Beba tenga, bwana mifugo anafunga saa kumi.

Akalibeba kwa mkono mmoja. Mwingine aliutia ndani, chini ya tumbo, na hakuutoa njia nzima.