Kidawa Hana Picha

"Hadithi bila picha nani ataisoma, shoga?" Munira aliambiwa na kila mtu, na ndani ya basi la mwendokasi alikuwa keshachagua picha ya mrembo wa kubandika kwenye hadithi ya Kidawa anayoiandika na kuituma WhatsApp kila asubuhi. Mara akasikia binti wa kiti cha mbele, simu mkononi, akimwambia mama aliyekaa naye: "Huyu Kidawa mwembamba, mweupe pe!"

"Thubutu!" akadakia mama, ambaye mwanya wake bajaji inapita. "Namsomaga kila siku. Kidawa mweusi ti, ana mwanya, na akipita nyuma kunaaga. Kasome tena, mwanangu!"

"Mama, mie nimesoma mara mbili!"

Munira, ambaye hakuwahi kuandika hata neno moja kuhusu sura ya Kidawa, akaifuta ile picha, meno yote nje. Kituo cha Manzese milango ikafunguka; mama na binti wakashuka wakibishana.